Washington Roebling: Mhandisi aliyesimamia Daraja la Brooklyn kutoka chumba cha mgonjwa

Alasiri ya tarehe 24 Mei mwaka 1883, Rais wa Marekani Chester Arthur alitembea kwa miguu juu ya daraja jipya lililounganisha Manhattan na Brooklyn. Bendi zilipiga muziki, mizinga ikanguruma, na maelfu ya watu wakajipanga kando ya mto wakisubiri zamu yao ya kuvuka. Mtu mmoja tu hakuonekana katika msafara huo, naye ni mhandisi mkuu aliyelijenga daraja lenyewe. Washington Roebling alikuwa nyumbani kwake, kwenye dirisha la ghorofani, akiitazama shughuli hiyo kwa darubini, kama alivyokuwa ameitazama kazi yote kwa miaka mingi.

Kwa zaidi ya miaka kumi mtu huyo aliongoza ujenzi mkubwa kuliko wote wa zama zake katika nchi ile bila kuweza kufika kwenye eneo la kazi. Maumivu ya viungo, udhaifu wa mwili na macho yaliyofifia vilimfungia ndani. Kulikuwa na watu waliodai kuwa mgonjwa wa namna hiyo hawezi kuwa mhandisi mkuu, na madai hayo yakafikishwa hadi kwenye kura. Jinsi alivyobaki kazini, na walivyokuwa waliomwezesha kubaki, ni habari inayostahili kusimuliwa upya wakati huu ambapo watu wenye ulemavu bado wanabisha hodi kwenye milango ya fani za ujenzi na uhandisi.

Mtoto wa mjenzi wa madaraja

Washington Augustus Roebling alizaliwa tarehe 26 Mei mwaka 1837 katika kijiji cha Saxonburg, jimbo la Pennsylvania. Kijiji hicho kilianzishwa na wahamiaji kutoka Ujerumani, na mmoja wa waanzilishi alikuwa baba yake, John Roebling, mzaliwa wa Mühlhausen aliyevuka bahari mwaka 1831. Mzee John alianza kwa kilimo, kisha akaingia katika utengenezaji wa kamba za waya, na baadaye akahamishia kiwanda chake katika mji wa Trenton, New Jersey. Kutoka kwenye kamba hizo alipata sifa ya kujenga madaraja ya kuning'inia, likiwamo lile la reli lililovuka korongo la mto Niagara, ambalo lilikamilika mwaka 1855.

Baba huyo alikuwa mtu mkali, mwenye akili nyingi na huruma haba. Kijana wake alipelekwa kusoma uhandisi katika chuo cha Rensselaer mjini Troy, akahitimu mwaka 1857, kisha akarudi kufanya kazi chini ya mzazi wake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, alijiunga na jeshi la Muungano akiwa askari wa kawaida, akapanda hadi cheo cha kanali. Alikuwapo katika mapigano ya Gettysburg mwaka 1863. Katika jeshi alitumikia chini ya Jenerali Gouverneur Warren, na kupitia kwake akamfahamu dada wa jenerali huyo, Emily Warren. Walifunga ndoa mwezi Januari mwaka 1865.

Baada ya vita, Roebling alimsaidia baba yake kumaliza daraja la mto Ohio mjini Cincinnati. Kisha yeye na mkewe walisafiri Ulaya kujifunza ufundi mmoja uliokuwa bado mgeni Marekani, yaani namna ya kuchimba misingi chini ya maji kwa kutumia hewa iliyoshindiliwa.

Urithi uliokuja kwa ajali

Mwaka 1869 mzee John alikuwa amekwisha kubuni daraja la kuvuka mto wa East River. Tarehe 28 Juni, akiwa kwenye gati la Brooklyn akipima mahali pa kusimamisha mnara, kivuko kiligonga gati na kuuponda mguu wake. Vidole vya mguu vilikatwa. Mzee huyo, ambaye aliamini tiba ya maji kuliko madaktari, alijiuguza kwa njia yake mwenyewe. Pepopunda ikamshika, akafariki tarehe 22 Julai.

Washington Roebling akawa mhandisi mkuu akiwa na umri wa miaka 32. Alichorithi kilikuwa wazo kuu na michoro ya jumla, ilhali sehemu kubwa ya mahesabu na mbinu za utekelezaji haikuwa imefanywa. Kazi ilianza rasmi mwezi Januari mwaka 1870.

Ndani ya sanduku chini ya mto

Minara miwili ya mawe, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita zipatazo 84, ilihitaji misingi imara chini ya mto. Roebling aliamua kutumia kesoni. Hili ni sanduku kubwa mno la mbao lisilo na sakafu, linalozamishwa mtoni likiwa limefunikwa juu. Hewa husukumwa ndani kwa mashine za mvuke mpaka maji yafukuzwe, na vibarua huingia kuchimba udongo na kupasua mawe. Kadiri wanavyochimba, ndivyo sanduku linavyoshuka, huku waashi wakijenga mnara juu ya paa lake. Kesoni ya upande wa Brooklyn ilikuwa na urefu wa mita 51 na upana wa mita 31.

Ndani yake palikuwa na joto, unyevu, matope na mwanga hafifu. Sauti za watu zilibadilika zikawa nyembamba. Wengi wa vibarua walikuwa wahamiaji kutoka Ireland, Ujerumani na Italia. Walilipwa dola 2 na ushee kwa siku, na wengi waliacha kazi baada ya muda mfupi. Roebling hakuwaachia peke yao hatari hiyo. Alishuka mara nyingi kuliko wahandisi wengine wote. Mwezi Desemba mwaka 1870, moto ulipoingia kwenye mbao za paa la kesoni ya Brooklyn, alikaa chini kwa saa nyingi akiongoza kazi ya kuuzima, hadi akaishiwa nguvu na kupelekwa nyumbani.

Kesoni ya Brooklyn ilitua kwenye kina cha mita 13 na nusu. Ile ya Manhattan ililazimika kwenda chini zaidi, na kina kilipoongezeka ndipo ugonjwa ulipokithiri. Leo tunajua sababu. Mtu anapovuta hewa iliyoshindiliwa, gesi ya naitrojeni huyeyuka kwa wingi mwilini mwake. Akitoka polepole, gesi hiyo hupumuliwa nje bila madhara. Akitoka kwa haraka, hugeuka mapovu katika damu na viungo, kama chupa ya soda inapofunguliwa ghafla. Matokeo yake ni maumivu makali, kupooza, na wakati mwingine kifo. Wapiga mbizi wa leo hufundishwa jambo hili katika masomo yao ya kwanza, lakini maelezo ya kisayansi yaliyokamilika yalitolewa na Mfaransa Paul Bert mwaka 1878, wakati misingi ya daraja ilikuwa imekwisha kuzikwa.

Kampuni ya daraja ilimwajiri daktari, Andrew Smith, ambaye aliorodhesha wagonjwa 110 waliohitaji matibabu. Alihisi kwamba kasi ya kutoka ndiyo yenye madhara, lakini muda uliotumika kupunguza shinikizo ulibaki kuwa mfupi mno. Zamu zilipunguzwa hadi mbili za saa mbili mbili kwa siku. Mwezi Mei mwaka 1872 vibarua waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Katika wiki chache za majira hayo ya kuchipua, vibarua watatu walifariki.

Hapo Roebling akakabili uamuzi mzito kuliko yote ya maisha yake. Kesoni ilikuwa imefika mita 24, na mwamba ulikuwa bado chini. Kuendelea kuufuata kungegharimu roho nyingine nyingi. Kusimama kungemaanisha kuuweka mnara wa mawe, wenye uzito wa maelfu ya tani, juu ya mchanga. Alichunguza mchanga huo, akaona umeshindiliwa kwa karne nyingi bila kusogea, akaamuru uchimbaji usimame. Mnara huo umesimama juu ya mchanga ule mpaka leo.

Uamuzi huo uliwaokoa wengine, lakini yeye mwenyewe alikuwa amekwisha chelewa. Mwaka huo huo alianguka baada ya kutoka kwenye kesoni, na ilifikiriwa kuwa hatapona. Alipona nusu. Mwishoni mwa mwaka hakuweza tena kwenda kazini.

Ofisi yahamia nyumbani

Katika majira ya baridi ya mwaka 1872 kuingia 1873, akiamini kwamba huenda asiishi kuliona daraja likikamilika, Roebling aliandika kurasa kwa kurasa za maelekezo: namna ya kufunga nyaya nanga, kusokota kebo, kupanga mihimili na kukagua kila kifaa. Kisha yeye na mkewe wakaenda Ujerumani kutafuta tiba katika mji wa chemchemi wa Wiesbaden. Waliporudi waliishi Trenton, na mwaka 1877 walikuwa wamehamia Brooklyn, katika nyumba iliyokuwa umbali wa chini ya kilomita moja kutoka darajani.

Kuanzia hapo kazi ilipangwa upya kulingana na hali ya mwili wake. Macho yalipokataa kusoma na mkono ulipokataa kuandika, alisema na Emily akaandika. Mazungumzo marefu yalimchosha kupita kiasi, kwa hiyo wageni walipokelewa na Emily. Wahandisi wasaidizi, miongoni mwao Charles Martin, Francis Collingwood na William Paine, walikuwa uwanjani kila siku, na maswali yao yalifika nyumbani kwa barua au kwa mdomo wa Emily, kisha majibu yakarudi kwa njia hiyo hiyo. Yeye Roebling aliishika picha nzima ya daraja kichwani, na darubini ya dirishani ikamwonyesha kama kinachofanyika kinalingana na picha hiyo.

Emily hakuwa tarishi. Alijifunza hisabati ya juu, uimara wa vifaa na tabia ya kebo inapobeba uzito. Alikwenda kwenye eneo la ujenzi, akakagua, akajadiliana na mafundi na wauzaji wa chuma kwa lugha ya kitaalamu, hata baadhi yao wakadhani yeye ndiye mbuni wa daraja. Katika zama ambazo mwanamke hakuwa na nafasi katika bodi ya uhandisi wala haki ya kupiga kura, alifanya kazi ya mhandisi bila cheo wala mshahara.

Waya mbovu

Mwezi Agosti mwaka 1876 waya wa kwanza ulivutwa kati ya minara miwili. Roebling aliamua kutumia waya wa feleji uliopakwa zinki, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika kwa daraja la ukubwa huo. Kebo zilikuwa nne. Familia yake ilikuwa na kiwanda cha waya, na kwa kuogopa mgongano wa maslahi, bodi ya daraja iliikabidhi zabuni kwa mfanyabiashara mwingine.

Mwaka 1878 iligunduliwa kuwa mfanyabiashara huyo alikuwa akilaghai. Waya mzuri ulipokaguliwa na kupitishwa, ulibadilishwa njiani kwa waya mbovu kabla ya kufika darajani, na waya mzuri ule ule ukarudishwa kukaguliwa tena. Waya mbovu mwingi ulikuwa tayari umesokotwa ndani ya kebo, na haukuweza kutolewa.

Mhandisi aliye kitandani alirudi kwenye mahesabu. Kebo zilikuwa zimebuniwa kubeba mara sita ya mzigo uliotarajiwa. Kwa waya mbovu uliokuwa umeingia, alikadiria kuwa zitabeba walau mara tano. Hata hivyo aliamuru waya wapatao 150 waongezwe katika kila kebo kwa gharama ya mlaghai huyo, na kila kebo ikawa na waya 5,434. Waya ule mbovu ungali humo hadi leo, na daraja halijayumba. Hapa inaonekana wazi kwamba kilicholilinda daraja ni akili, tahadhari na uaminifu wa mhandisi, sifa ambazo ugonjwa haukuzigusa.

Kura ya mwaka 1882

Miaka ilipita, gharama zikaongezeka, na wananchi wakachoka kusubiri. Magazeti yaliuliza kama mhandisi mkuu yu hai kweli, au kama amerukwa na akili na mkewe ndiye anayeficha siri. Mwezi Januari mwaka 1882 Seth Low, kijana mwenye ari, aliapishwa kuwa meya wa Brooklyn, na kwa wadhifa wake akaingia katika bodi ya daraja. Roebling aliitwa ajieleze mbele ya bodi. Hakwenda, mwili haukumruhusu, na hakuona sababu ya kuuonyesha ugonjwa wake hadharani ili aaminiwe.

Low alipendekeza Roebling apewe cheo cha mhandisi mshauri, na Charles Martin awe mhandisi mkuu. Kwa nje lilionekana pendekezo la heshima. Kwa ndani lilikuwa na maana moja: mtu ambaye hawezi kusimama uwanjani hawezi kuitwa kiongozi wa uwanja, hata kama kila jiwe limewekwa kwa mahesabu yake. Hakuna aliyetaja kosa la kiufundi alilolifanya. Hoja ilikuwa mwili wake.

Mwezi Septemba mwaka 1882 wajumbe walipiga kura. Kumi walitaka abaki na saba walitaka aondolewe. Kura mbili tu zingelibadilisha matokeo, na historia ingeliandika jina jingine mwishoni mwa kazi yake.

Ushindi, na maisha marefu yaliyofuata

Kabla ya uzinduzi, Emily alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuvuka daraja kwa gari la farasi, akiwa amempakata jogoo kama ishara ya ushindi. Siku ya uzinduzi wenyewe, mwanasiasa Abram Hewitt alizitaja juhudi zake katika hotuba, jambo lisilo la kawaida kwa mwanamke wa wakati ule. Baada ya sherehe, Rais Arthur alikwenda nyumbani kwa Roebling kumpa mkono. Siku hiyo watu wapatao 150,000 walivuka kwa miguu. Nafasi kati ya minara miwili, mita 486, ilikuwa ndefu kuliko ya daraja jingine lolote duniani.

Madaktari waliokuwa wamemtabiria kifo cha mapema walikosea sana. Roebling aliishi miaka 43 zaidi. Hakupona kabisa, lakini alirudi Trenton, akakusanya sampuli za madini zipatazo 16,000, ambazo baada ya kifo chake mwanawe alizikabidhi kwa taasisi ya Smithsonian. Emily alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha New York, akapata cheti mwaka 1899, na akafariki mwaka 1903.

Mwaka 1921 aliyekuwa akiongoza kiwanda cha familia alifariki ghafla. Baadhi ya wadogo zake Roebling walikuwa wamekwisha tangulia mbele ya haki. Mzee huyo mwenye umri wa miaka 84, aliyekuwa amehesabiwa mgonjwa kwa nusu karne, akashika urais wa kampuni. Kila asubuhi alipanda tramu kwenda ofisini. Chini ya uongozi wake kiwanda kilipata kazi ya kebo za Daraja la Bear Mountain, juu ya mto Hudson, lililofunguliwa mwaka 1924. Alifariki tarehe 21 Julai mwaka 1926, akiwa na miaka 89.

Wasiokuwa na dirisha

Habari hii ina upande mwingine, na haki inatutaka tuuseme. Roebling alibaki kazini kwa sababu alikuwa na jina, mali, nyumba inayoelekea mtoni, wasaidizi waaminifu na mke mwenye kipaji adimu. Vibarua waliopooza katika kesoni zile zile hawakuwa na lolote kati ya hayo. Zaidi ya watu 20 walikufa katika ujenzi huo, na wengine wakabaki na vilema. Sheria za kuwalipa fidia wafanyakazi walioumia hazikuja katika jimbo la New York mpaka miaka ya 1910. Kwa mhandisi mkuu, kazi ilisogezwa ikamfuata kitandani. Kwa kibarua, kuumia kulikuwa mwisho wa kazi.

Kilichokuwa bahati ya mtu mmoja, leo kimeandikwa kuwa haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unatambua haki ya kufanya kazi kwa usawa na wengine, na unazitaka nchi zihakikishe kuwa mahali pa kazi panafanyiwa marekebisho yanayofaa. Marekebisho hayo hayatofautiani sana na yale ya nyumba ya Brooklyn: kazi kufanyika mbali na uwanja, msaidizi wa kusoma na kuandika, muda unaolingana na nguvu za mtu, na chombo cha kumwezesha kuona asikoweza kufika. Mhandisi wa leo anayetumia kiti cha magurudumu ana kompyuta, kamera na simu vya kufanya kazi iliyofanywa na darubini na miguu ya Emily.

Mwaka 1951 kibao kiliwekwa kwenye mnara wa daraja kikiwa na majina matatu: la Emily, la mumewe na la mzee John. Maelfu ya watu hupita mbele yake kila siku. Juu yao zimetanda kebo nne zilizohesabiwa na mtu ambaye, kwa kura mbili tu, angeliambiwa kwamba hafai.